Christian Konrad Sprengel: Mwalimu wa Lugha Aliyeyasoma Maua

Utangulizi

Waswahili husema fuata nyuki ule asali. Hata hivyo, wako watu waliowafuata nyuki kwa miaka mingi na asali wasiionje. Mmoja wao ni Christian Konrad Sprengel, mwalimu wa Kijerumani aliyeishi kati ya mwaka 1750 na 1816. Hivi leo hutajwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya uchavushaji, lakini alipofariki kitabu chake kikuu kilikuwa kimesahaulika, kazi yake ya ualimu ilikuwa imekatizwa zamani, na kaburi lake halikutunzwa. Makala hii inasimulia maisha yake na kuonyesha namna mazoea ya kusoma matini kwa makini yalivyomwezesha kuona jambo ambalo wataalamu wa mimea wa zama zake walilipita bila kulitambua.

Yamkini msomaji atauliza mtu huyu anawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili. Jibu lina pande mbili. Kwanza, Sprengel hakuwa mwanasayansi kwa kazi. Alikuwa mtu wa lugha. Aliwafundisha vijana lugha, akaandika uhakiki wa washairi wa Kirumi, na alipohitaji kueleza ugunduzi wake aliueleza kwa lugha yake mwenyewe na kuiundia istilahi. Pili, mambo aliyoyagundua hayako Ujerumani tu. Yanaonekana hapa Nairobi, hata mahali ambapo mtu hangedhani kutafuta somo la botania. Katika kijiji cha Lindi kilichoko Kibera, ardhi inapoteremka kuelekea mto Ngong, kishona nguo huota kando ya vijia na mitaro. Mmea huo ni wa jamii ya alizeti. Wapita njia huukumbuka pale tu mbegu zake zinaponasa kwenye suruali na marinda. Lakini jua linapochomoza, nyuki, nzi na vipepeo huyazuru maua yake madogo mmoja baada ya mwingine. Wanafuata nini? Wanalipwa nini, na anayewalipa anapata faida gani? Aliyeyashughulikia maswali ya namna hii kwa utaratibu, ua baada ya ua na kwa mamia ya mimea, ni Sprengel.

Kuzaliwa na Elimu

Sprengel alizaliwa tarehe 22 Septemba 1750 katika mji wa Brandenburg ulio kando ya mto Havel. Baba yake, Ernst Victor Sprengel, alikuwa mhubiri wa Kilutheri aliyepanda hadi kuwa shemasi mkuu. Christian Konrad alikuwa mtoto wa 15 na wa mwisho wa mzee huyo, aliyezaliwa na mke wa pili. Baba alifariki mwaka 1759, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka tisa.

Katika ukoo wa wahubiri, njia ya elimu ilikuwa imekwisha kuchorwa. Mwaka 1770 Sprengel alikwenda Halle kusomea theolojia. Masomo hayo wakati huo hayakuwa mahubiri peke yake. Mwanafunzi alihitaji lugha za kale, na alizoezwa kuchunguza kila neno la matini, akiamini kwamba hakuna neno lililowekwa pale bure. Ni vyema jambo hili likumbukwe, kwa kuwa ndilo ufunguo wa mengi yaliyofuata.

Sprengel hakuwa mhubiri. Mwaka 1774 alianza kufundisha mjini Berlin, na mwaka 1780 akateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule kubwa ya Kilutheri mjini Spandau, mji uliokuwa karibu na Berlin na ambao leo ni sehemu yake. Hapo alifundisha lugha na maarifa ya viumbe. Hakuoa. Maisha yake yalikuwa darasa, vitabu na upweke.

Daktari na Dawa ya Matembezi

Inasimuliwa kwamba Sprengel aliugua akiwa Spandau, na kwamba daktari Ernst Ludwig Heim alimshauri atoke nje, atembee mashambani na kujishughulisha na mimea. Heim alikuwa mpenzi mkubwa wa botania. Ndiye pia aliyemfundisha kijana Alexander von Humboldt mambo ya mwanzo ya taaluma hiyo. Ushauri huo ulikuwa wa kumtuliza mgonjwa. Haikutazamiwa kwamba mgonjwa angeisahau dawa kuwa ni dawa na kuifanya kazi ya maisha.

Botania ya wakati huo ilitawaliwa na mfumo wa Carl Linnaeus wa Sweden. Kazi kubwa ya wataalamu ilikuwa kuhesabu stameni, kupanga mimea katika makundi na kuipa majina. Mmea uliokaushwa na kubanwa kati ya karatasi uliwatosha wengi wao. Joseph Gottlieb Kölreuter, Mjerumani mwingine, alikuwa amekwisha kuonyesha tangu miaka ya 1760 kwamba wadudu husafirisha chavua. Hata hivyo, swali la kwa nini ua liwe na umbo lile, rangi ile na harufu ile halikuwa limepata jibu. Kuhusu mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua, palikuwa na dhana nyingi zinazopingana, na nyuki aliyeinyonya aliweza kuonwa kama mwizi tu.

Unywele Mmoja

Katika kiangazi cha mwaka 1787 Sprengel alikuwa akichunguza ua moja la mwituni la jamii ya jerania. Aliona kwamba sehemu ya chini ya petali zake ina vinyweleo laini. Jambo hilo ni dogo mno. Lakini mtu aliyezoea kuuliza kila herufi ya matini ina kazi gani hakuweza kulipita. Aliamini kuwa Muumba mwenye hekima hakuumba hata unywele mmoja bila kusudi, na kwa hiyo akatafuta kusudi la vinyweleo hivyo. Chini yake alikuta matone ya mbochi. Akahitimisha kwamba vinyweleo huyakinga matone hayo yasichanganyike na mvua, huku vikimwachia mdudu nafasi ya kuyafikia.

Hapo palikuwa na mabadiliko makubwa ya fikra. Ikiwa mbochi inalindwa dhidi ya mvua lakini hailindwi dhidi ya mdudu, basi imewekwa kwa ajili ya mdudu. Mdudu si mwizi tena. Ni mgeni aliyeandaliwa.

Mwaka uliofuata Sprengel alichunguza ua dogo la buluu lenye duara la manjano katikati. Duara hilo limeuzunguka mlango wa kijibomba kinachoelekea kwenye mbochi. Akajiuliza kama rangi hiyo nayo ina kazi, akaona kwamba ni alama ya kumwonyesha mdudu njia. Toka hapo aliisaka alama hiyo katika maua mengine na kuikuta mara nyingi: mistari, madoa na miviringo, yote ikielekeza mahali palipo na malipo. Aliona pia kwamba maua yanayofunguka usiku aghalabu hukosa alama hizo, kwani gizani zingekuwa hazina maana. Badala yake huwa na rangi nyeupe au hafifu inayoweza kuonekana kwa mwanga mdogo.

Mwaka 1790 alitambua jambo jingine. Katika mmea mmoja mrefu wa jamii ya epilobia, stameni hukomaa na kutoa chavua kabla stigma ya ua lilo hilo haijawa tayari kuipokea. Ua kama hilo haliwezi kujitungisha. Lazima chavua itoke kwingine. Hali hiyo ya kukomaa kwa nyakati mbili aliipa jina la dikogamia, kwa kutumia mizizi ya Kigiriki. Katika mimea mingine alikuta mpangilio umepinduliwa, stigma ikitangulia. Ushahidi ulipokusanyika, alifikia hitimisho kwamba maumbile yanaonekana kutotaka ua lijitungishe kwa chavua yake lenyewe.

Kitabu cha Mwaka 1793

Mwaka 1793 Sprengel alichapisha mjini Berlin kitabu ambacho kichwa chake kwa Kiswahili ni Siri ya Maumbile Iliyofichuliwa katika Umbo na Utungisho wa Maua. Kilieleza mimea 461 na kuambatana na kurasa 25 za michoro iliyochongwa kwenye shaba. Aliichunguza mimea hiyo ikiwa hai, shambani, akikaa kando ya ua moja kwa muda mrefu na kungoja mgeni afike.

Kilikuwa kitabu cha Kijerumani. Kilatini kilikuwa bado lugha yenye heshima kubwa katika botania, na Sprengel alikijua vizuri. Hata hivyo, aliandika kwa lugha yake na kuunda istilahi kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua mara moja: kuambatanisha maneno. Alichukua neno la kawaida lenye maana ya maji au utomvu, akaliunga na maneno mengine ya kawaida, akapata majina ya tezi inayotoa mbochi, kihifadhi chake, kifuniko chake na alama yake. Kwa maneno hayo manne aliweza kulieleza ua lolote kama nyumba yenye jiko, ghala, paa na kibao cha mlangoni. Istilahi ilimwongoza kutazama. Alipolikabili ua geni alijua sehemu nne za kutafuta, na palipokosekana moja alijua kwamba pana swali.

Kukosekana huko ndiko kulikomfikisha kwenye ugunduzi mchungu zaidi. Katika baadhi ya maua ya jamii ya okidi alikuta alama, rangi na kihifadhi, lakini mbochi hapana. Akahitimisha kwamba maua hayo humdanganya mdudu: huonyesha kibao cha mlangoni ilhali ghalani hamna kitu. Kwa mtu aliyeamini kwamba maumbile ni kazi ya Muumba mwenye hekima, hitimisho hilo halikuwa jepesi. Aliliandika hata hivyo.

Mintarafu jamii ya alizeti, Sprengel alitoa maelezo ambayo yalionekana ya ajabu kwa muda mrefu. Kinachoitwa ua la alizeti si ua moja. Ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyopangwa juu ya kitako kimoja. Vya katikati ni vidogo, vina mbochi na chavua, na ndivyo vinavyozaa mbegu. Vya ukingoni aghalabu vina ulimi mrefu wa rangi inayong'aa, na katika mimea mingi vya aina hii havizai. Sprengel alisema kazi ya vijiua vya ukingoni ni kuwaita wadudu kutoka mbali kwa faida ya mkusanyiko mzima. Kwa maneno mengine, katika jamii hii wako wanaoita na wako wanaolipa.

Kazi Inayokatizwa

Kitabu hakikupata mapokezi aliyoyatarajia. Inasimuliwa kwamba mchapishaji hakumpa hata nakala moja ya bure. Wataalamu wengi walikipuuza. Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkubwa wa Ujerumani ambaye naye alikuwa mtafiti wa mimea, hakukubaliana na njia yake. Aliona kwamba Sprengel anayapa maumbile akili na nia za kibinadamu. Pingamizi hilo lilikuwa na uzito. Kila sehemu ya ua katika maelezo ya Sprengel ina kusudi, kana kwamba pana mtu aliyeketi na kupanga. Lakini waliokataa falsafa yake waliutupa pia ushahidi wake, na ushahidi huo haukutegemea falsafa. Juzuu ya pili aliyoikusudia haikuchapishwa kamwe.

Shuleni nako mambo yaliharibika. Wazazi walilalamika, wasimamizi wakamwona mkaidi, na wengine wakadai kwamba anayajali maua kuliko wanafunzi. Si haki kumtetea hapa kwa urahisi. Mwalimu mkuu anayeshinda mashambani kutazama nyuki huwa amewaacha watoto wa watu, na mzazi aliyelipa ada hakuwa na sababu ya kufurahia vinyweleo vya jerania. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. La kusikitisha ni kwamba hapakupatikana mtu wa kupima pande zote mbili na kumtafutia Sprengel kazi iliyomfaa. Mwaka 1794, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, alistaafishwa kwa malipo madogo ya uzeeni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Berlin: Nyuki na Washairi

Sprengel alihamia Berlin akaishi maisha ya kujinyima. Alifundisha lugha na botania kwa watu binafsi, na siku za Jumapili aliwaongoza wachache waliotaka kutembea naye nje ya mji kuyaangalia maua, wakimlipa ada ndogo. Waliotembea naye walimwona mtu wa tabia za peke yake, asiyejali mavazi wala sifa, lakini mwenye subira isiyokwisha mbele ya mmea.

Mwaka 1811 alichapisha kijitabu kuhusu manufaa ya nyuki na ulazima wa kuwafuga. Hadi wakati huo nyuki alithaminiwa kwa asali na nta. Sprengel alisema faida kubwa zaidi ya nyuki haimo mzingani bali shambani, katika matunda na mbegu ambazo zisingepatikana bila yeye. Kwa hiyo serikali yenyewe inapaswa kuhakikisha kwamba nyuki wapo wa kutosha. Wazo hili, ambalo leo wakulima wa mataifa mengi hulifuata kwa kukodi mizinga wakati wa kuchanua, liliandikwa na mzee mstaafu ambaye alikuwa na wasomaji wachache mno.

Kisha akarudi alikoanzia. Mwaka 1815 alitoa kitabu cha uhakiki wa washairi wa Kirumi, akishughulikia kazi za Ovid, Virgil na Tibullus. Wapo wanaokiona kitabu hicho kama ishara ya mtu aliyekata tamaa na botania. Tafsiri nyingine inawezekana. Kwa Sprengel, kusoma beti na kusoma petali zilikuwa kazi za namna moja: kuishika sehemu ndogo, kuuliza imewekwa hapo kwa nini, na kutoridhika mpaka jibu liafikiane na sehemu nyingine zote. Alifariki Berlin tarehe 7 Aprili 1816. Kaburi lake halijulikani.

Darwin Akifungua Kitabu

Mwaka 1841 Charles Darwin, kwa ushauri wa mtaalamu wa mimea Robert Brown, alikipata kitabu cha Sprengel na kukisoma. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu kichapishwe. Darwin alikistaajabia, akarudia shambani mengi ya yale yaliyoelezwa, akayakuta kuwa kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi aliligusa suala la vijiua vya ukingoni vya jamii ya alizeti. Alikiri kwamba wazo la Sprengel linaonekana kuvutwa kutoka mbali, lakini hakuwa na hakika kwamba kweli limevutwa hivyo. Kuhusu okidi zisizo na mbochi, Darwin alisitasita. Aliona vigumu kuamini kwamba wadudu wanaweza kudanganywa kwa kiasi kikubwa namna hiyo. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mwalimu wa Spandau ndiye aliyekuwa sahihi.

Palikuwa na pengo moja ambalo Sprengel hakuweza kuliziba. Alijua kwamba maua mengi huepuka kujitungisha, lakini hakujua kwa nini. Jibu lilikuja katika kitabu cha Darwin cha mwaka 1876, kilichotokana na majaribio ya miaka mingi: aghalabu miche itokanayo na chavua ya mmea mwingine huwa mirefu, yenye nguvu na yenye uzazi kuliko ile itokanayo na kujitungisha. Sprengel aliusoma mkataba kati ya ua na mdudu, akaeleza kila kifungu chake. Darwin alieleza kwa nini mkataba huo ulidumu, bila kuhitaji mtu aliyeketi kuuandika.

Alizeti Inavyolipa

Maarifa ya leo yameuongezea mkataba huo vifungu ambavyo Sprengel asingeweza kuvijua, na jamii ya alizeti ni mfano mzuri. Vijiua vya mkusanyiko mmoja havifunguki kwa pamoja. Huanza vya ukingoni na kuendelea kuelekea katikati, duara baada ya duara, siku baada ya siku. Kila kijiua hutoa chavua kwanza: chavua humwagwa ndani ya mrija uliofanywa na stameni zilizoungana, kisha shina la stigma hurefuka na kuisukuma nje kidogo kidogo. Baadaye ncha ya shina hilo hupasuka mara mbili na kuwa tayari kupokea chavua ya kwingine. Hii ndiyo dikogamia ya Sprengel, ikitendeka ndani ya kijiua chenye upana wa milimita chache.

Mpangilio huo humwongoza mdudu. Malipo hayatolewi yote kwa siku moja, na kwa hiyo nyuki aliyepata leo ana sababu ya kurudi kesho. Mbochi ya kila kijiua ni kidogo, lakini vijiua viko bega kwa bega. Nyuki hutembea kwa miguu badala ya kuruka, akiokoa nguvu. Vijiua vingi vya jamii hii vina mirija mifupi, na kwa hiyo hata nzi na mbawakawa wenye midomo mifupi hupata riziki, sembuse vipepeo. Nyuki wa asali naye huwa na tabia ya kushikamana na aina moja ya ua katika safari moja maadamu malipo yanaridhisha, na uaminifu huo ndio unaofikisha chavua mahali pake.

Chavua yenyewe ina kitendawili. Mbochi ni sukari ya kumpa mdudu nguvu, ilhali chavua ni chakula cha kulelea watoto wa nyuki. Chavua ya jamii ya alizeti ni nyingi na rahisi kuipata, lakini si bora kwa kila nyuki. Yako makundi ya nyuki ambayo mabuu yao hushindwa kukua wakilishwa chavua hiyo peke yake, na yako mengine yaliyobobea kwayo. Ajabu ni kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa chavua ya alizeti hupunguza kimelea kinachokaa matumboni mwa nyuki bambi, wale wakubwa wenye manyoya mengi. Chakula hafifu kumbe chaweza kuwa dawa.

Wala malipo hayachagui mgeni. Mwaka 2015 watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, walichapisha matokeo kuhusu gugu karoti, mmea vamizi wa jamii hii hii ya alizeti. Walionyesha kwamba mbu aenezaye malaria hujipatia sukari kutoka kwa gugu hilo na kuweza kuishi kwalo. Nyumba iliyofunguliwa kwa ajili ya mchavushaji huweza pia kumkaribisha adui wa binadamu.

Kutoka Spandau hadi Lindi

Kibera ilipata jina lake kutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walioishi hapo, wazao wa askari wa Sudani waliolitumikia jeshi la wakoloni, walikuta miti. Miti hiyo imekwisha, jina limebaki. Lakini maua hayakukoma. Katika Lindi na vijiji vinavyopakana nayo, mabaki ya uoto yamo kando ya mto, kwenye kingo za mitaro na katika bustani za magunia ambazo wakazi hupandia mboga. Kishona nguo na alizeti mwitu yenye maua makubwa ya manjano, mimea miwili ya jamii moja, asili yake ni bara la Amerika. Nyuki anayeizuru ni wa hapa hapa Afrika. Mgeni na mwenyeji wameelewana kwa lugha ya mbochi.

Maelewano hayo yana thamani kwa mkazi. Mboga ya majani kama sukuma wiki huvunwa bila kungoja mdudu. Malenge ni habari nyingine: maua yake ya kiume na ya kike huwa mbalimbali, na bila nyuki wa kubeba chavua hakuna boga. Nyuki huyo anahitaji chakula siku zote, si ile wiki ambayo malenge yamechanua peke yake. Gugu linalochanua sehemu kubwa ya mwaka humsaidia kuvuka siku za uhaba. Kwa hiyo kung'oa kila gugu kando ya bustani kwa jina la usafi kwaweza kumfukuza mhudumu ambaye hajaandikwa kwenye orodha yoyote ya mishahara. Sprengel naye alisema mwaka 1811 kwamba faida kubwa ya nyuki imo shambani.

Hitimisho

Maisha ya Sprengel hayana ushindi wa wazi. Hakuona kitabu chake kikiheshimiwa, alipoteza kazi kwa sababu ambazo hazikuwa za uongo mtupu, na sehemu ya falsafa yake imeachwa. Kilichobaki ni njia yake ya kutazama. Aliamini kuwa sehemu ndogo ina maana, akaitafuta maana hiyo katika kiumbe hai badala ya kuikisia mezani, na alipoipata akaieleza kwa maneno ya lugha yake. Kwa wanafunzi wa Kiswahili funzo la mwisho ni zito. Kiswahili kina mbochi, chavua, uchavushaji na mchavushaji. Istilahi hizo haziishi kwa kuwekwa kamusini tu; huishi pale mtu anapozitumia kuuliza jambo ambalo halijaulizwa. Katika mteremko wa Lindi, kishona nguo bado linachanua na maswali mengi juu yake bado hayajaandikwa kwa Kiswahili. Atakayeyaandika si lazima awe mwanabotania. Sprengel naye hakuwa.